Udhaifu wa Taarifa za Makosa katika Kompyuta

Mfasiri anapokabidhiwa taarifa za makosa zitolewazo na kompyuta, hudhaniwa kuwa kazi yake ni kutafuta istilahi tu. Maoni yetu ni kwamba ugumu mkubwa haumo katika istilahi, bali katika taarifa zenyewe, ambazo aghalabu ni mbovu hata katika Kiingereza zilimoandikwa.

Tuchukue programu zinazoendeshwa kwa amri zinazopigwa chapa. Programu ya kuhariri maandishi iitwayo ed, iliyotungwa na Ken Thompson mwaka 1969 kwa ajili ya mfumo wa Unix, hujibu kosa lolote kwa alama moja ya kuuliza. Programu zilizofuata husema zaidi, lakini kusema zaidi si kueleza. Katika baadhi ya mifumo, mtu huamuru faili litekelezwe, naye akajibiwa kuwa faili halikupatikana, ilhali analiona mbele yake. Kumbe kinachokosekana ni programu nyingine inayotajwa katika mstari wa kwanza wa faili hilo. Taarifa nyingine humwambia mtumiaji kuwa chaguo lake ni haramu, kana kwamba amevunja sheria, na hali amekosea herufi moja tu.

Kiswahili hufichua udhaifu mwingine. Watungaji wa programu hupenda kuandika sentensi moja yenye pengo, kisha kompyuta hulijaza pengo hilo jina la kitu kisichopatikana. Kwa Kiingereza jambo hilo hupita. Kwetu sisi, mtumiaji hakupatikana, kifaa hakikupatikana, faili halikupatikana, amri haikupatikana. Je, mfasiri aliyepewa pengo tupu atumie kiambishi kipi? Lolote atakalochagua litaharibu upatanisho wa kisarufi mahali fulani, na lawama itaangukia lugha, eti haifai kwa sayansi.

Wako wanaotetea ufupi huo kwa hoja kwamba kompyuta za zamani zilikuwa na kumbukumbu ndogo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati wake, leo haina. Mwaka 2016 watungaji wa lugha ya programu iitwayo Rust walizipanga upya taarifa zao, zikawa zinaonyesha mahali penye kosa katika matini yenyewe na kutoa maelezo papo hapo.

Yafaa basi mfasiri asikubali kupewa vipande vya sentensi. Adai sentensi kamili kwa kila aina ya kitu, na taarifa itaje kilichoshindikana, sababu yake, na la kufanya. Kwa mfano: "Faili barua.txt halikufunguliwa kwa sababu huna ruhusa ya kulisoma. Mwombe mwenye faili akupe ruhusa." Hapo hapana istilahi mpya hata moja, na karani yeyote ataelewa. Tukitafsiri giza kwa usanifu, tutakuwa tumesanifu giza.