Singo haipigwi picha

Harusini Unguja, hina na piko ndivyo vinavyosifiwa. Maua yake hupigwa picha, yakalinganishwa na ya bi harusi wa wiki iliyopita. Singo, mchanganyiko wa maua wa kumsugulia bi harusi, haina bahati hiyo: huoshwa kabla wageni hawajafika. Na mimi naona humo ndimo ulimo ufundi mkubwa.

Asumini, mawaridi na langilangi hutakiwa mabichi. Hutiwa kinuni pamoja na mrehani, karafuu na liwa, vikatwangwa hadi vishikane. Ukimuuliza somo, kungwi wa bi harusi, kipimo, atakwambia "kadiri", basi. Kadiri hiyo vinaijua vidole vyake: singo ikiwa majimaji huteleza tu, ikiwa kavu hukwaruza.

Mwari hulazwa mkekani na kanga yake. Somo hupaka, kisha husubiri. Singo haisuguliwi ikiwa mbichi, wala haiachwi ikakauka kabisa. Husubiriwa mpaka ianze kushika ngozi, ndipo kiganja kipite kwa kuzungusha, nongo zijiviringe na kudondoka. Kisiginoni mkono hukaza, nyuma ya goti huwa mwepesi. Bega lililokakamaa halilazimishwi. Huachwa, likarudiwa, likaachwa tena. "Tulia, mwanangu." Maneno mengine ya nini?

Utulivu huo ni adimu. Pale Tunguu, kwenye Chuo Kikuu cha Zanzibar na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), wasichana wa dahalia hulala na simu zao, nyuso na nguo za wenzao zikiwapita machoni hadi usiku wa manane. Kumwambia mtu asijilinganishe hakumsaidii, jicho limeshazoea. Lakini msichana akiwa mwari, mkono uliopakwa singo haushiki simu. Msichana hurudishwa kwenye goti lake mwenyewe, kwenye mgongo wake asioweza hata kuuona, na anayemsugua hana mwili mwingine anaoutazama. Sisemi kuwa hiyo ni tiba kamili. Mwari huyohuyo kesho atatoka kushindana kwa dhahabu.

Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, ila nyumbani alikuwa pia mwalimu wa unyago, na unyago hufundishwa kiungo kwa kiungo. Ujuzi wa somo ni wa ukoo huo.

Siku hizi Mji Mkongwe singo huuzwa kwenye spa, hata kwa watalii. Si vibaya, watu wanapata riziki. Ila singo ya kuoshwa saa ikitimia, imeshika ngozi haikushika, hiyo siyo ninayoisifu.