Kabla, Baada, na Wiki Sita za Uji
Video za waliopasuliwa taya India zote zina mtindo mmoja: picha ya kabla, picha ya baada, muziki. Nimezitazama sana hapa Kizingitini, nikipiga hesabu: boti mpaka Lamu, tiketi mbili za ndege, chumba cha kupanga. Kasoro yake? Zinaruka katikati. Taya hukatwa, husogezwa, hufungwa kwa vyuma vidogo na skrubu. Uso unavimba, wiki kama sita ni uji na supu. Neva ikiumia, mdomo wa chini hufa ganzi, pengine maisha. Na mimi huku naalikwa harusini kughani mashairi! Hayo si masimulizi, ni matangazo. Nitafunga mkoba nikimpata wa kunisimulia wiki ya tatu.