Paganini aliyekatizwa

Wiki hii nimesikiliza tungo mbili za fidla pekee zinazomuenzi Niccolò Paganini, aliyefariki 1840. Caprice Variations ya George Rochberg, ya 1970, ina vipande 50 juu ya Kaprisi ya 24, na kaprisi yenyewe inaletwa mwishoni kabisa. Nzuri, ila jamani, ndefu! A Paganini ya Alfred Schnittke, ya 1982, ndiyo iliyonikaba koo. Humo vijisehemu vya kaprisi vinachomoza, vinakatwa, vinamezwa na mikwaruzo. Kuna watakaosema huko ni kumkosea marehemu adabu. Mimi sikubali. Rochberg anampigisha Paganini upya kana kwamba yupo. Schnittke anakiri kwamba hayupo. Kila kaprisi ilipokatizwa nilijikuta naisubiri iendelee.