Nani Mtu wa Asili Garsen?

Tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tamko la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, Kenya isiunge mkono wala kupinga, jumuiya za utafiti na utetezi ziongozwazo na wenyeji zimestawi. Ni jambo jema, lakini msamiati wake wahitaji kuhakikiwa. Garsen, 'mtu wa asili' ni yupi: Mpokomo alimaye kando ya Mto Tana, Muorma achungaye ng'ombe, au Mwaata, ambaye jadi yake ni uwindaji? Neno lililokusudiwa kumtetea mnyonge mbele ya dola, lisipofafanuliwa, laweza kuwa hoja ya jirani dhidi ya jirani. Na mapigano ya mwaka 2012 yalitufunza gharama ya uhasama huo.

Ufafanuzi huo hautapatikana ila katika lugha za wenyeji. Nurse na Hinnebusch walipochambua Kipokomo na Kielwana, ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, mwaka 1993, waliandika kwa Kiingereza. Mtafiti mwenyeji akifanya vivyo hivyo, amebadilika mwandishi, hakubadilika msomaji. Kwa maoni yetu, kipimo cha uongozi wa wenyeji si kabila la mwenyekiti. Ni iwapo walioandikwa waweza kuisoma taarifa na kuijibu.