Mkono wa Kushoto wa Ray Barretto, Mkono wa Kulia wa Muhammad Ali

Mwaka 1974, katika kambi ya N'Sele kando ya Mto Kongo, nje ya Kinshasa, Muhammad Ali alikuwa akifanya mazoezi huku Danny Ray, aliyejulikana zaidi kwa jina la Big Black, akimpigia konga. Ni rahisi kumchukulia mpigaji huyo kuwa pambo la msafara. Mimi naamini alikuwa ndani ya kazi yenyewe, kwa sababu bondia na mpiga konga wanategemea ujuzi uleule: kuumiliki muda kiasi kwamba anayekutazama hajui pigo litashuka lini.

Tuanze na ngoma. Kuanzia Septemba 22 hadi 24 mwaka huo, tamasha la Zaire 74 lilifanyika katika Uwanja wa 20 Mei. Pambano la Ali na George Foreman lilikuwa limeahirishwa baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini, lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha kuja. Fania All-Stars, kundi la salsa, wakapanda jukwaani, Ray Barretto akiwa kwenye konga, Nicky Marrero kwenye timbale na Roberto Roena kwenye bongo. Wakongo hawakuwa wageni wa muziki ule wenye asili ya Kuba. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilikuwa zikichezwa kwao tangu miaka ya 1930, na konga yenyewe ina asili yake katika ngoma za watu waliochukuliwa utumwani kutoka eneo la Kongo hadi Kuba.

Sasa usimtazame Barretto usoni, mtazame mkono wa kushoto. Katika mdundo wa msingi wa konga, uitwao tumbao, mapigo manne hugawanywa yakawa miguso minane. Kushoto kunafungua kwa kisigino cha kiganja, kisha ncha za vidole. Kulia kunatoa kofi kali. Kushoto kunarudi: vidole, kisigino, vidole tena. Halafu kulia kunamalizia kwa milio miwili ya wazi. Hesabu: miguso mitano ni ya kushoto, mitatu ni ya kulia. Aliyekaa nyuma ya ukumbi husikia ile mitatu tu. Mitano iliyobaki haikuwekwa kwa ajili ya sikio lake. Imewekwa ili mpigaji mwenyewe asipoteze mahali alipo huku klave, yale mapigo matano yanayogawanyika matatu kwa mawili, ikipita juu ya kila kitu. Ndiyo maana Barretto aliweza kukaa nyuma ya saksafoni ya Lou Donaldson katika albamu ya Blues Walk ya 1958 bila kuusonga muziki wa jazz uliokuwa ukitembea kwa mwendo mwingine. Alikuwa na muda wa kutosha mkononi, hakuhitaji kuujaza kwa kelele.

Kwenye ngumi, kazi hiyo ya kushoto hufanywa na mkono wa mbele. Mara nyingi haumwangushi mtu. Unapima umbali, unasumbua macho, unaandaa njia, ndipo mkono wa nyuma unafuata. Foreman, bingwa mwenye umri wa miaka 25 aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 40, 37 kati ya hayo kwa kuwaangusha wapinzani, aliuzoea mpangilio huo kama anavyouzoea bondia yeyote wa kulipwa. Alfajiri ya Oktoba 30, katika raundi ya kwanza, Ali alimrushia mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto, tena akarudia. Ni jambo la hatari kubwa. Mkono wa nyuma una safari ndefu, na mpinzani mwenye macho ana nafasi ya kuuona na kukuadhibu. Wa Ali ulifika kwa sababu Foreman alikuwa akisubiri utangulizi ambao haukuja.

Watu husifu zaidi zile raundi zilizofuata, Ali akiegemea kamba na kumwacha Foreman ajichoshe hadi akaanguka katika raundi ya nane. Zinastahili sifa. Lakini kwa mtu wa ngoma, somo zito liko katika zile dakika tatu za mwanzo: huwezi kuondoa maandalizi mpaka yawe yamekukaa mwilini kiasi kwamba hata usipoyapiga, bado unayahesabu.

Hapa kwetu Meru maandalizi haya ya mwilini yana bingwa wake. Mpigaji wa mwinjiro, ngoma yetu ya asili, huibana ngoma mapajani ikiwa imeinama, akaipiga kwa viganja. Nyonga na magoti vinabeba mdundo kabla mikono haijafika. Mwalimu wa karate naye angeanzia hapohapo, kwenye magoti na nyonga, kabla hajakuruhusu kurusha ngumi. Kijana wa Ruiri anayefanya karate jioni na kupiga ngoma kanisani Jumapili anafundisha mwili mmoja kazi moja.

Anayetaka kujipima afanye hivi. Mwenzake apige klave kwa makofi, yeye apige tumbao polepole mpaka bega lilegee. Kisha aondoe lile kofi la kulia, aache nafasi yake tupu, kushoto kukiendelea. Mwenye makofi akiyumba, basi kushoto hakujashika. Akibaki imara, liondolewe pia pigo la kwanza la mlio wazi, na mazoezi yaendelee kwa mwendo uleule, bila kuharakisha.