Nyumba na Pumzi: Uhakiki wa Majengo ya Kajiado na Kitengela

Shairi huhakikiwa kwa vina, mizani na maana yake. Tamthilia huhakikiwa jukwaani. Nyumba nayo ni kazi ya akili na mikono, lakini wahakiki wake ni wachache, na walio wengi husimama barabarani wakautazama uso wake tu: rangi, vioo, nguzo na roshani. Katika insha hii nataka tuingie ndani, tuketi, tuulize swali ambalo nyumba nyingi zingependa lisiulizwe. Hewa huingilia wapi, na ikisha kuchoka hutokea wapi?

Kaunti ya Kajiado yafaa sana kwa swali hili, maana humo mna nyumba ya kale na nyumba ya leo, tena mna nyanda za baridi na bonde la joto kali. Nitaanza na nyumba ya kale.

Enkaji, nyumba ya Kimaasai, hujengwa na wanawake. Fito hukitwa ardhini na kusukwa, kisha ukuta na paa hukandikwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo na majani. Paa ni la chini, njia ya kuingilia hupinda, na madirisha ni vitundu vidogo tu. Mgeni aliyezoea nyumba za mawe huenda akacheka. Asifanye haraka. Mji wa Kajiado uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa uwanda ule ni wa baridi, na upepo wake haujui kubisha hodi. Mlango uliopinda huvunja nguvu za upepo, nalo paa la chini hulinda joto la watu na la moto. Aliyebuni nyumba hiyo aliijua nchi yake.

Hata hivyo enkaji ina ila kubwa, na mhakiki hana ruhusa ya kuificha kwa sababu ya heshima ya mila. Kuni huwashwa ndani. Vitundu vile vilivyozuia baridi isiingie huzuia pia moshi usitoke. Anayeulipia moshi huo si mgeni apigaye picha nje ya boma, bali ni mama aketiye mekoni kutwa mara tatu, na mtoto mchanga aliye mgongoni pake. Kikohozi na homa ya mapafu ya watoto wadogo vina uhusiano na moshi wa namna hii. Jambo hilo limekwisha kuthibitishwa na waganga.

Sasa natufike kwenye kisa ambacho kwangu ni cha maana kuliko vyote katika habari hii. Kati ya mwaka 1998 na 2001, shirika lililoitwa wakati ule Intermediate Technology Development Group, ambalo leo lajulikana kwa jina la Practical Action, lilifanya kazi katika nyumba 50 nchini Kenya, nusu yake katika Kajiado na nusu magharibi mwa nchi. Moshi ulipimwa kwanza. Kisha wenye nyumba, hasa wanawake, walishirikiana na mafundi kutafuta dawa: kupanua madirisha, kuacha nafasi chini ya paa, kutengeneza meko bora, na kuweka kofia ya bati juu ya moto yenye dohani ya kupeleka moshi nje. Halafu moshi ukapimwa tena. Dirisha lilisaidia, lakini kofia ya bati ndiyo iliyoshinda: ilipunguza moshi wa ndani kwa zaidi ya nusu.

Kwa nini kofia ilishinda dirisha? Jibu lake ndilo mlango wa elimu yote ya kupitisha hewa katika majengo. Hewa ikipata moto hutanuka, ikitanuka huwa nyepesi, na ikiwa nyepesi hupanda. Dirisha la ubavuni humsubiri mgeni asiyepita njia hiyo, kwa kuwa moshi umekwisha kupanda na kujikusanya chini ya paa. Kofia humpokea mgeni pale pale anapopita. Dohani ikiwa ndefu, mvuto wake huzidi, nayo hewa baridi huingia kutoka chini kushika mahali pa ile iliyoondoka. Hakuna mashine hapo, wala umeme. Kuna mtu aliyeuliza hewa yataka kwenda wapi, akaifungulia njia. Upungufu wa kofia ile ulikuwa bei: mabati na ujira wa fundi vilikuwa mzigo kwa familia nyingi. Huo si upungufu mdogo, lakini ni upungufu wa mfuko, si wa fikira.

Tukitoka bomani tukashika barabara ya Namanga kuelekea Nairobi, twafika Kitengela. Palipokuwa malisho ya mifugo na njia ya nyumbu pamekuwa mji uliohesabiwa watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya mwaka 2019. Hapa fikira ndiyo inayopungua, wakati mifuko imejaa. Magorofa yamesimama bega kwa bega, dirisha la huyu likitazama ukuta wa yule. Vyumba vingi vya kupanga vina dirisha moja upande mmoja, na mlango uliofunguka katika ujia wenye giza. Chumba cha namna hiyo ni kama chupa. Mwanafunzi achukue chupa tupu, apulize ndani yake, aone kama pumzi yake itapita. Upepo huhitaji mahali pa kuingilia na mahali pengine pa kutokea, na heri mahali hapo pawe pameelekeana. Anayetaka kukihakiki chumba chake mwenyewe awashe kijiti cha udi, akishike karibu na dirisha, kisha katikati ya chumba, kisha karibu na dari. Moshi wa udi utamweleza mengi kuliko ramani ya mjenzi.

Kuna vijitundu vya hewa ambavyo wajenzi wetu huviacha juu ya madirisha. Ni desturi njema. Lakini tazama vijitundu hivyo mwezi wa Julai: vimezibwa kwa magazeti na matambara. Wengi humlaumu mpangaji kwa ujinga. Mimi namlaumu msanifu. Mpangaji ameziba kwa sababu vumbi la malori na la saruji laingia, na baridi yamshukia kitandani. Kitundu kingewekwa juu kabisa chini ya dari, mbali na kitanda, kikafunikwa kwa wavu na kikingio, nani angekiziba? Na jambo hili si la starehe. Usiku wa baridi watu huingiza jiko la makaa chumbani. Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na katika nchi yetu wako waliolala na jiko wasiamke. Kati ya mpangaji na kifo, pengine palikuwa na kitundu kilichowekwa mahali pasipofaa.

Majengo ya biashara yana kosa la namna nyingine. Vioo vimetandazwa upande wa magharibi, penye jua la alasiri. Sisi tulio karibu na ikweta tumependelewa: jua la mchana hupita karibu na utosi, hivyo ukuta wa kaskazini na wa kusini hutiwa kivuli na upenu mfupi tu. Jua la jioni halizuiwi na upenu, kwa kuwa huja limeinama. Kioo huliingiza, na joto lake hubaki ndani. Hapo mwenye jengo hununua kiyoyozi, akajisifu kwamba amepata hewa safi.

Hakuipata. Mashine hiyo ilibuniwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji mjini Brooklyn ambamo unyevu ulikuwa ukiharibu karatasi. Ilizaliwa, basi, kutumikia karatasi. Viyoyozi vya ukutani vya kawaida huivuta hewa ile ile ya chumbani, huiondolea joto na unyevu, huirudisha, na lile joto hulitupa nje kwa jirani. Watu thelathini wakifungiwa humo hupumua pumzi za wenzao, ila zimepozwa. Tena baadhi ya gesi zitumikazo katika mashine hizo huongeza joto la dunia nzima, ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali, mwezi wa Oktoba 2016, kuzipunguza hatua kwa hatua.

Atakayesema kwamba jengo kubwa haliwezi kuishi bila kiyoyozi aende Gigiri, Nairobi, ambako Umoja wa Mataifa ulifungua ofisi mpya mwezi wa Machi 2011 kwa wafanyakazi wapatao 1,200. Madirisha yake hufunguliwa kwa mkono, na hewa yenye joto hupanda katika ua wa katikati ikatokea juu. Ni kanuni ile ile ya kofia ya bati ya Kajiado, imevaa nguo za gharama. Nyanda za Kitengela nazo zina usiku wa baridi wa kupoza kuta bure. Kuzitia mashine ni kununua maji na mto unapita uani.

Magadi ni habari nyingine. Iko katika kaunti hiyo hiyo, lakini chini katika Bonde la Ufa, kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ambako joto hulala na watu kitanda kimoja. Mfanyakazi wa magadi atokaye zamu ya usiku, akitaka kulala mchana, ana haki ya kiyoyozi, nami simwonei haya kumtetea. Ila paa la nyumba yake litiwe dari kwanza, na ukuta wake wa magharibi upandiwe mti au ujengewe baraza, ndipo fundi wa mashine aitwe.