Kijiti cha mkojo hakipimi kongosho

Kuna mama mmoja wa kijiji cha Mkwaja aliyekuja kliniki ya wajawazito. Mimba ya wiki 26, mtoto aliyetangulia alizaliwa na kilo 4.6. Presha alipimwa vizuri, wingi wa damu vizuri, dawa ya malaria alipewa kwa wakati. Kisha mhudumu akachovya kijiti kwenye mkojo, akasubiri, rangi haikubadilika. Akaandika kwenye kadi: sukari hakuna. Akamruhusu aende. Glukomita ilikuwa palepale mezani, kando ya kopo la vijiti.

Hapo ndipo kazi nzima ilipoharibika. Mkojo unatoa habari za figo. Figo za mjamzito huchuja zaidi, hivyo mmoja hukojoa sukari ilhali damu yake ni salama, na mwingine sukari imepanda kwenye damu lakini kijiti kiko vilevile. Nimelisema hili miaka mingi na nitalirudia. Swali la wiki ya 26 ni moja: seli beta za kongosho, zinazotoa insulini, zinaimudu kazi? Kondo la nyuma linazidi kumwaga homoni, mwili unazidi kuigomea insulini, na kongosho linatakiwa kutoa insulini maradufu. Prolaktini na laktojeni ya kondo ndizo zinazoziamsha seli hizo. Na msiniletee panya! Kwake wingi wa seli huongezeka hata mara mbili, na picha hiyo ndiyo iliyojaa vitabuni. Kwa binadamu, Peter Butler na wenzake mwaka 2010 walikuta takriban mara 1.4 tu. Akiba ni ndogo mno, na mama aliyekwisha kuzaa kilo 4.6 hakuna ruhusa ya kumkisia.

Watafiti Swai, Kitange na McLarty wangemtoa damu. Mwaka 1991 wao na wenzao waliripoti kwamba katika vijiji vya Tanzania uwezo wa kuhimili glukosi haukudhoofika wakati wa ujauzito. Kongosho za akina mama wale zilimudu, na walilijua hilo kwa kuwanywesha glukosi na kupima damu.

Mama wetu alivuka mto Pangani kwenda kupimwa damu mimba ikiwa na wiki 31. Asubuhi, kabla hajala, sukari ya damu ilisoma 6.3 mmol/L. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linahesabu kisukari cha ujauzito kuanzia 5.1. Kadi aliyokuwa ameishika bado iliandikwa “hakuna”, kwa wino wa bluu.